Mesoni Zimo Humo Tayari

…na waya umelegea tena, picha imetoka ukutani imebaki buluu tupu, na yeye, mume wangu, kasimama pale mbele na kile kitaa chake chekundu mkononi, bado anaonyesha mahali palipokuwa na namba, haya, onyesha baba, onyesha, hakuna kitu hapo, anasema samahani jamani, tuvumiliane kidogo, fundi anashughulikia, na fundi wa maabara kapiga magoti nyuma ya projekta anauminya waya kwa vidole viwili, akipumua picha inatetemeka, akijikuna inaondoka, projekta hii tumeiombea mbadala mpaka tumechoka kuomba, alikuwa na nywele bado ilipoletwa, lakini mimi niliiona, kabla haijapotea niliiona, miwani ilikuwa usoni na akili ilikuwa kichwani, mstari wa tatu kutoka juu, moja nukta sifuri tisa, kwenye mstari alioupa jina kabla ya mesoni, kabla, Mungu wangu, kabla, na chini yake mstari wa nne, mchango wa mesoni, kajumlisha, kajumlisha tena juu yake, na chini kabisa jumla kuu, nne nukta moja moja, kaikoleza kwa wino mzito na kuipigia mstari, sawasawa na kipimo cha maabara, pembeni kaweka na alama ya vema, kama mtoto aliyejisahihishia daftari mwenyewe, na hapo ndipo picha ikatoweka, ahsante fundi, na mimi nimebaki hapa kwenye kiti cha nyuma nimekodoa macho kwenye ukuta wa buluu, kwa sababu hiyo moja nukta sifuri tisa naijua, naijua kama ninavyojua mlango wa nyumba yangu, ni yangu, nimeitoa mimi, na mesoni zimo humo tayari. Zimo humo tayari, amezitia mara mbili, na hajui.

Kitu chenyewe ni rahisi, hata mama hapa pembeni yangu angekielewa kama mtu angemweleza badala ya kumwimbia fomula tangu asubuhi, mama mkwe wangu, mama yake yeye, kaomba mwenyewe kuja, kabla sijaondoka na mimi nimsikie mwanangu akifundisha, kavaa viatu vyake vizuri, kakaa kitako, anatikisa kichwa kila mwanawe akisema kwa hiyo, na begi lake la safari liko chini ya kiti, nimeliwekea mguu lisianguke, basi lake ni la mchana huu huu… rahisi kabisa, mama, chukua kiini cha atomu ya risasi, kizito, kimejaa, kila mmoja humo ndani ana kiti chake na hakuna kiti kilichobaki, halafu ongeza protoni moja tu juu, unapata bismuthi, hiyo protoni moja inazunguka nje pale, ina chaji na inazunguka, kwa hiyo ni sumaku, basi ipigie hesabu hiyo sumaku, unapata mbili nukta sita na kitu, unakwenda maabara, unapima, maabara inakwambia nne nukta moja, na hapo ndipo watu walipoanza kugombana, kabla sisi hatujazaliwa, mimi na mwanao tumekuja tu kurithi ugomvi, yeye anasema ni ganda, lile ganda la risasi halikai kimya, linavutwa na ile protoni, linajipinda na kuongeza sumaku yake, sawa, kweli, nani kakataa, idara nzima wanamwita Bwana Ganda na yeye anaona raha, lakini ganda peke yake halitoshi, mama, haliwezi kutosha, maana hizi protoni na nyutroni hazikai pamoja kwa sababu zimepanga chumba kimoja, zinarushiana, muda wote zinarushiana mesoni, huyu anampa yule, yule anamrudishia huyu, na ile mesoni ikiwa njiani, imeshamtoka huyu na haijamfikia yule, inabeba chaji, inakimbia, na yenyewe ni mkondo wa umeme, na mkondo wa umeme unazaa sumaku, kwa hiyo kuna sumaku ndani ya kile kiini ambayo ukiwauliza mmoja mmoja, wewe protoni, ni yako, hapana, wewe nyutroni, ni yako, hapana, si ya mtu, ni ya kupeana, na hiyo ndiyo kazi yangu, huo ndio ujana wangu wote ulikokwenda, kuhesabu kisichokuwa cha mtu, na yeye anaiita chumvi. Chumvi, mbele ya watu, tena mezani, ganda ndilo chakula, mesoni ni chumvi tu, mkono wake begani kwangu, wageni wanacheka, na mimi nikacheka kwa meno ya mbele, kwa sababu siku hiyo hiyo nilikuwa nimeisoma makala yake mpya hadi mwisho, nikakuta kule chini kabisa, baada ya kumshukuru mtu wa kompyuta na kabla ya kuwashukuru wasomaji, anamshukuru mke wake kwa mazungumzo yenye manufaa. Mazungumzo. Hesabu zangu zimekaa kwenye ukurasa wa nne wa makala hiyo zimevaa koti lake, na mimi ni mazungumzo. Tangu usiku ule sijamsemesha, na yeye, kwa kuwa ni yeye, alipoona sisemi akaona na yeye asiseme, nyumba ikawa ya mabubu wawili, na juma lile lile mama akaja kututembelea.

Fundi kasema tayari, haiko tayari, imewaka nusu, naona ukingo wa jedwali halafu buluu tena, mkuu wa idara amelala, kidevu kifuani, huyo hata jengo lianguke atashukuru mtoa mada kwa mhadhara wenye kufikirisha, lakini yule wa mbele hajalala, Mgeni, profesa wa nje, kaletwa hapa kumsikiliza kabla ya kutoa neno lake kwa kamati ya vyeo, na neno lake ndilo neno, akisema huyu apande atapanda, akisema bado, basi ni bado mpaka uzeeni, na Mgeni ana penseli, na anaandika polepole, na anaujua ugomvi huu wa bismuthi kuliko sisi sote, protoni inayozunguka bila mesoni namba yake ni moja, moja kamili, mwanafunzi wa mwaka wa pili ukimwamsha usingizini atakwambia moja, hiyo sifuri tisa inayozidi imetoka wapi, Mgeni atajiuliza, kama bado hajajiuliza, picha ikirudi ataitazama mara ya pili, na mara ya pili ataiona, na yeye pale mbele, na alama yake ya vema… angeiona mwenyewe kama asingekuwa na ganda kichwani, atakuwa alipoiona ile sifuri tisa akadhani ni ya ganda lake, maana kwake kila kinachozidi ni ganda, watu wa maganda wanachukua namba iliyochakachuliwa kidogo wanaiona kawaida, wanasema imerekebishwa, imerekebishwa na nani hawaulizi, kisha akaona kazi ya mke wake bado haimo, akachukua chumvi akatia, na ikakaa, na hicho ndicho kinachonitia wazimu, imekaa, mimi hesabu yangu ya haki inapungua kidogo, kuna kitu bado sijakipata, ndiyo kazi ya mwaka kesho, na yeye katia chumvi mara mbili na chungu kikaonjeka sawa, nne nukta moja moja, akafurahi, hakujiuliza kwa nini. Siku za kwanza mama alipokuja tulifanya hivyo hivyo jikoni, mimi nikatia chumvi nikaenda kuoga, mama akaja akatia yake, na tukala tukinyamaza, wote watatu, kila mmoja anakunywa maji.

Na mimi nikinyamaza sasa, je, nikinyamaza tu, nikikaa hapa na mguu wangu juu ya begi, si kosa langu, sikuandika mimi ile slaidi, Mgeni atanyoosha penseli yake, atauliza kwa adabu, hao wa nje wanauliza kwa adabu mpaka unatamani wangekutukana, samahani, hii sifuri tisa ni ya nini, na yeye atageuka kuitazama, na atajua, atajua mbele ya mkuu aliyelala na wanafunzi wasiolala na mama yake mwenye viatu vizuri, kwamba kilichomwangusha si ganda, ni chumvi, tuone basi mazungumzo yenye manufaa yanafaa nini… ni utamu huo, sitakataa, naionja hapa ulimini, halafu namtazama alivyosimama, shati limetoka nyuma, anafuta kitaa kwenye suruali kama kitaa ndicho kilichoharibika, anamwambia fundi taratibu ndugu yangu, hatuna haraka, naye ana haraka, namjua, akiwa na hofu anakuwa mpole kwa kila mtu isipokuwa mimi, na huo utamu unageuka. Lakini nifanyeje, ninyanyue mkono, maneno yangu ya kwanza kwake tangu mwezi uliopita yawe umekosea, tena hapa, mbele ya Mgeni, atasema nilikuwa navizia, na nani angemlaumu, angalau nyumbani kungekuwa na njia, nyumbani ningemwambia mama, mama angemfikishia… na mama yuko hapa, bega kwa bega na mimi, ningeweza kumnong'oneza sasa hivi, mama, nyanyuka, nenda pale mbele kama unampelekea maji, mwambie mwanao mesoni zimo humo tayari, na mama angekwenda, wallahi angekwenda, miaka yote alikuwa opereta wa simu hospitalini, mapokezi, nyaya na vitundu, nakuunganisha, subiri kidogo, nakuunganisha, daktari akitukana upande huu yeye anamwambia mgonjwa upande ule daktari anasema vuta subira, alitusimulia mwenyewe mezani, anasema kazi ya opereta si kupeleka sauti, ni kuhakikisha hakuna anayekata. Tukacheka mimi na yeye, kila mtu akiangalia sahani yake.

Subiri. Subiri kwanza, nilimwambia, mbona nilimwambia, sikumwacha gizani mimi, yeye alikuwa sebuleni na mimi jikoni, mlango wazi, hatua chache kati yetu, na anamwambia mama, muulize mwenzangu namba za protoni kama ziko tayari, nasikia kila neno, na mama anakuja mpaka jikoni anasema mwenzio anaulizia zile namba, na anasema pole na kazi, na mimi nikasema, huku nakata vitunguu, mwambie ziko kwenye kompyuta, faili la juu kabisa, na mesoni zimo humo tayari asiziongeze tena, nilisema, kwa Kiswahili, wazi, na mama akarudi sebuleni na nikamsikia anasema ziko kwenye kompyuta, faili la juu kabisa, na mwenzio amekuombea Mungu akufanikishe. Nilisimama na kisu. Sijamwombea mtu Mungu mimi, nilikuwa na hasira na vitunguu machoni, na nikawaza huyu mama anaongeza maneno, atajua mwenyewe, na kwa kushughulika na alichoongeza sikuwaza kabisa alichopunguza… hakuna mesoni, hakusema mesoni, nilikuwepo, nilisikiliza lote lile, sentensi iliingia sebuleni bila mesoni na sikutoka kwenda kusema, kwa sababu kutoka kungekuwa kuongea naye, na sikuwa naongea naye. Na kama hilo aliliacha njiani, na lile la Mungu akalitia mwenyewe, basi mengine… zile pole zote, kila jioni pole, amesema pole na kazi, ameuliza kama umelala vizuri, amesema mchuzi wa jana umemfurahisha, na mimi nilikuwa najifanya sikusikia lakini nilisikia, kwa nini nidanganye kichwani mwangu mwenyewe, nilikuwa nangoja jioni ifike nisikie leo kasema nini, nililala na lile la mchuzi, nikawaza labda, nikawaza kumbe bado, na kuna siku mama alisema anakushukuru kwa shati, umelipiga pasi vizuri, nikasema shati gani, mimi sijagusa shati, na mama hakubabaika, akasema basi kakosea, wanaume ndivyo walivyo, akaenda kunyoosha nguo nyingine, na mimi mwenye shahada tatu sikuuliza pasi ilikuwa mkononi mwa nani. Na asubuhi ile aliyonitabasamia, kwenye mlango wa bafu, taulo shingoni, akanitabasamia hivi hivi bila sababu, nikamwona hana haya, nikageuza uso, kumbe alikuwa kaambiwa kitu, jana yake kaambiwa kitu kizuri kutoka kwangu, kitu gani jamani, nilimwambia nini mimi.

Mama anatikisa kichwa, anatikisia ukuta wa buluu, fundi anaomba utepe wa kubandikia, hakuna mwenye utepe, mwanafunzi mmoja anatoa plasta ya kidonda kwenye mkoba, haya, ndiyo idara ya fizikia hii, na mimi namwinamia mama mpaka nasikia harufu ya sabuni yake, namuuliza, ile siku ya namba, mama, ulimwambia nini.

"Nilimwambia ziko kwenye kompyuta," anasema, haniangalii, anamwangalia mwanawe.

"Na mesoni?"

"Mesoni ndio nini, mwanangu?"

Ndicho anachokisema kutwa nzima pale mbele, mama, kalisema neno hilo kuliko jina lake, lakini namwambia taratibu, ni lile nililosema zimo humo tayari, asiziongeze tena, na mama anafikiri, naona anafikiri, anarudi jikoni kichwani mwake, anapita kwenye vitunguu, anafika.

"Ah, lile," anasema. "Lile sikulifikisha. Sikulielewa, na ulilisema kwa ukali, nikaona ni neno la ugomvi, nikaliacha huko huko jikoni."

Neno la ugomvi, na ukali lilikuwa nao, sitakataa, mesoni zangu zote nimezisema kwa ukali tangu siku ile ya chumvi, na sitaki kuuliza na tayari nimeshauliza, na zile pole, mama, zile za kila jioni, na mama anavuta nguo yake magotini ikae sawa, na kimya cha opereta ni kibaya kuliko cha mtu mwingine, najua jibu kabla hajafungua mdomo.

"Zangu," anasema.

"Zote?"

"La dirisha lilikuwa lake. Lile alisema mwenyewe, na nikakuletea kama lilivyo."

La dirisha… ule usiku wa mvua, mama akachungulia chumbani, mwenzio anasema ufunge hilo dirisha, kifua chako hakitaki baridi, hata pole haikuwemo, nikamwambia mama, ndiye huyo, kuamrisha tu ndiko anakokujua, asinipangie madirisha, na nikaliacha wazi kwa makusudi na nikakohoa mpaka asubuhi, kati ya yote niliyoletewa hilo moja ndilo nililolitupa, yale mazuri yote nikayaweka, nikayahesabu, nikalala nayo, na moja lililotoka kwake, kavu, bila sukari, nililitupa kwa sababu halikufanana na mengine. Kumbe alikuwa macho, upande wa pili wa ukuta, kwenye kile kitanda cha wageni alikohamia tangu siku ya chumvi, chenye mbao iliyovunjika, anasikiliza mvua na kuwaza kifua changu. Na nikiyatoa ya mama yote, nikifanya ninavyowafundisha wanafunzi, ondoa cha kuazima uone kilichobaki, kinabaki nini, kwake linabaki la dirisha, na kwangu… namuuliza mama, na mimi je, mimi nilimtumia nini, na mama sasa ndiyo ananigeukia, macho yake ni yale yale ya pale mbele, mtoto aliyachukua yote.

"Wewe hukutuma kitu, mwanangu. Ila hilo la mesoni, na hilo sikulifikisha."

Basi mimi kwake sikuwahi kusema lolote. Tangu mwezi uliopita anaishi na mwanamke anayemwombea Mungu na kumpigia shati pasi, na huyo mwanamke si mimi, ni mama yake anayetembea kutoka chumba hadi chumba na maneno mikononi, na yeye akatabasamu, na mimi nikangoja jioni, kilikuwepo kitu, ndiyo, ukipima ungekipata, hakikuwa chake wala changu lakini kilikuwepo, nyumba ilisimama, na mama basi lake ni la mchana. Nani atabeba maneno leo usiku. Nilikuwa nimepanga, mama akishapanda basi nakwenda kwa dada, chumba chake cha uani kiko wazi, nguo zangu za juma moja nimeshazikunja ziko kabatini kwenye mfuko, sijamwambia mtu, na sasa nimekaa hapa nazikumbuka zile nguo na nachukia, si yeye, nachukia ule mfuko, nachukia nilivyokunja vizuri. Miaka yote hii nawaambia wanafunzi msiwahesabu mmoja mmoja, mtakosa, huwezi kuijua sumaku ya kiini kwa kumuuliza kila mmoja peke yake, na nyumbani kwangu nimekaa nahesabu lake, langu, lake, langu, yeye kasema chumvi, mimi nimenyamaza, yeye kanyamaza, mimi nimeacha dirisha wazi… ovyo kabisa, mtu mzima ovyo.

Fundi anasema usiguse mtu, plasta imeshika, na picha inarudi, inatetemeka mara moja na kutulia, jedwali lile lile, mstari wa tatu, moja nukta sifuri tisa, mstari wa nne, jumla, alama ya vema, na yeye anasema haya, tulikuwa hapa, na kitaa chekundu kinatua juu ya nne nukta moja moja, na Mgeni kaacha kuandika, kainua uso, penseli hewani, anatazama juu, mstari wa pili, wa tatu, kasimama wa tatu, na kidole cha mume wangu kiko kwenye kitufe cha slaidi inayofuata, na mkono wangu uko juu. Sijui umekwenda lini, uko juu, bega linaniuma, wanafunzi wanageuka, mkuu wa idara anaamka na kusema maswali mwishoni tafadhali, mwishoni nani, lala baba, na yeye ameuona mkono, ameona ni wa nani, rangi imemtoka, na nitasema tumezihesabu mara mbili, mimi na wewe, nitasema tume, si ume, maana ndivyo ilivyo, namba ilitoka kwangu na haikufika yote, nitasema na Mgeni asikie, halafu jioni nitasema lile la makala, ukurasa wa nne, jina langu liandikwe juu pamoja na lake na si chini na mtu wa kompyuta, hilo silisamehe kwa sababu ya dirisha, lakini nitalisema mwenyewe, usoni kwake, kwa ukali wake wote, na dirisha nitafunga… na yeye hanitazami mimi, anamtazama mama. Kwa mazoea, anamtazama mama yake kwanza, ajue mwenzake anasemaje, anangoja aunganishwe, mbele ya watu wote hawa anamngoja mama, na mama kainama chini ya kiti, anahangaika na zipu ya begi iliyokwishafungwa tangu asubuhi, kainama mpaka simwoni uso, hainuki, hainuki, basi mwanawe anaacha, macho yake yanasogea kiti kimoja na kufika kwangu, na ukutani ni namba zile zile, na hakuna wa kunipelekea.

"Usiisogeze hiyo," nasema. "Ngoja hapo hapo, mwenzangu."